Bei ya kipande si kipimo cha unafuu: jinsi ya kupima thamani ya mfuko wa uwekezaji wa pamoja

Na Mwandishi Wetu

MSTAAFU anapopokea mafao yake ya Sh10 milioni, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja humwambia anunue kiwanja, mwingine bajaji, na wa tatu humshauri anunue vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Akiukubali ushauri wa mwisho, swali lake la kwanza huwa ni la bei: kipande cha mfuko huu ni Sh300, cha mfuko ule ni Sh1,000, upi ni nafuu?

Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halimo katika bei hizo mbili. Mfuko wa Sh300 unaweza kuwa ghali na ule wa Sh1,000 ukawa nafuu, au yote miwili ikawa sawa kabisa. Ili kulijua hilo, mwekezaji hana budi kuitazama mali iliyomo ndani ya mfuko, na kuipima kwa uwiano wa kihesabu ambao wachambuzi wa masoko ya mitaji wameutumia kwa miaka mingi.

Makala haya yanaeleza vipimo hivyo, namna ya kuvikokotoa, na mahali ambapo vinaweza kumpotosha mtu. Hesabu zinazohitajika ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu.

Kipande ni nini na bei yake inatoka wapi

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi na kuzinunulia hisa za kampuni, hatifungani, dhamana za Serikali na amana za benki. Kila mwekezaji hupewa vipande kulingana na fedha alizoweka.

Hapa Tanzania utaratibu huu ulipata umaarufu mwaka 2005, pale Dhamana ya Uwekezaji Tanzania (UTT) ilipoanzisha Mfuko wa Umoja. Baadaye ilifuata mifuko mingine, ukiwamo Wekeza Maisha mwaka 2007, kisha Mfuko wa Watoto na Mfuko wa Jikimu mwaka 2008. Tangu mwaka 2013 mifuko hiyo imekuwa ikisimamiwa na UTT AMIS. Msimamizi wa sekta nzima ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Bei ya kipande hutokana na hesabu moja. Meneja huchukua thamani ya mali yote ya mfuko, hutoa madeni, kisha hugawanya kinachobaki kwa idadi ya vipande. Matokeo yake ndiyo huitwa thamani halisi ya kipande.

Tuchukue mfano. Mfuko wa kwanza una mali ya Sh312 milioni na madeni ya Sh12 milioni. Thamani halisi ni Sh300 milioni. Ukiwa na vipande 1,000,000, kila kimoja kitakuwa na thamani ya Sh300. Mfuko wa pili una mali ileile, madeni yaleyale na kampuni zilezile, ila uligawanywa katika vipande 300,000. Kila kipande hapo ni Sh1,000.

Mwenye Sh10 milioni atapata vipande 33,333 katika mfuko wa kwanza na 10,000 tu katika wa pili. Hata hivyo, sehemu yake ya mali ni ileile. Ni sawa na mkate uliokatwa vipande vingi vyembamba na mwingine uliokatwa vipande vichache vinene: uzito wa mkate haubadiliki kwa sababu ya kisu.

Kosa hilohilo hutokea kwenye hisa. Hisa za Benki ya NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, bei ilikuwa Sh600 kwa hisa. Za CRDB zilipouzwa mwaka 2009, bei ilikuwa Sh150. Haikumaanisha kwamba CRDB ilikuwa nafuu mara nne. Nchini Kenya, hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 za nchi hiyo mwaka 2008, na wengi waliiona bei hiyo kuwa ndogo. Kabla ya mwaka huo kwisha, hisa hizo zilikuwa zimeshuka chini ya bei ya toleo.

Kipimo cha kwanza: bei kwa faida

Uwiano unaotumika zaidi ni wa bei kwa faida, ambao katika majedwali ya masoko huandikwa kwa herufi P/E. Bei ya hisa hugawanywa kwa faida baada ya kodi ambayo kampuni ilipata kwa kila hisa katika mwaka mmoja. Hisa ya Sh1,000 ambayo kampuni yake ilipata faida ya Sh100 kwa hisa ina uwiano wa 10. Maana yake ni kwamba mnunuzi analipa Sh10 kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka.

Mfuko nao una uwiano wake, kwa kuwa mwenye kipande ni mmiliki wa sehemu ndogo ya kila kampuni iliyomo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hujumlisha uwiano wa kampuni zote na kugawanya kwa idadi yake. Njia hiyo si sahihi.

Njia sahihi ni kujumlisha thamani ya hisa zote zilizomo, kisha kujumlisha sehemu ya faida inayoufikia mfuko kutoka kila kampuni, na kugawanya jumla ya kwanza kwa ya pili.

Tuseme zile Sh300 milioni zimewekezwa sawasawa katika kampuni tatu, Sh100 milioni kila moja. Ya saruji ina uwiano wa 5, hivyo faida inayouhusu mfuko ni Sh20 milioni. Benki ina uwiano wa 10, faida yake ni Sh10 milioni. Kampuni ya vinywaji ina uwiano wa 20, faida yake ni Sh5 milioni. Jumla ya faida ni Sh35 milioni. Gawanya Sh300 milioni kwa Sh35 milioni, utapata takribani 8.6.

Aliyejumlisha 5, 10 na 20 na kugawanya kwa tatu angepata 11.7, na angeuona mfuko kuwa ghali kuliko ulivyo.

Kampuni inayopata hasara huvuruga hesabu zaidi. Mfuko ukiongeza Sh100 milioni nyingine katika kampuni iliyoleta hasara ya Sh10 milioni kwa sehemu ya mfuko, thamani ya hisa inakuwa Sh400 milioni, na faida inashuka hadi Sh25 milioni. Uwiano unapanda hadi 16. Lakini baadhi ya taarifa huziacha kando kampuni zenye hasara wakati wa kukokotoa, na hapo mfuko huohuo huonekana bado una uwiano wa 8.6. Kwa hiyo, kabla ya kuufurahia uwiano mdogo, mwekezaji anapaswa kuuliza kama kampuni zote zimehesabiwa.

Kuulinganisha mfuko na dhamana za Serikali

Uwiano wa bei kwa faida una manufaa zaidi ukigeuzwa. Gawanya 100 kwa uwiano huo, utapata faida kama asilimia ya bei. Uwiano wa 8.6 ni sawa na takribani asilimia 11.7. Uwiano wa 16 ni asilimia 6.25.

Sasa asilimia hizo zinaweza kuwekwa kando ya riba ya dhamana za Serikali, ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa na hatari ndogo. Mwaka 2021, Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mbele ya riba kama hiyo, mfuko wa hisa wenye faida ya asilimia 6.25 unahitaji sababu nzito ili mtu auchague, na sababu hiyo ni matumaini kwamba faida za kampuni zitakua haraka.

Hoja hiyo isichukuliwe kijuujuu. Riba ya hatifungani haiongezeki hadi siku ya kuiva, ilhali faida ya kampuni nzuri huweza kupanda pamoja na bei za bidhaa. Ndiyo maana hisa zinaweza kuwa na asilimia ndogo leo na bado zikamfaa mwenye subira. Swali ni kiasi gani cha ukuaji kinahitajika, na kama kinaaminika.

Kipimo cha pili: bei kwa thamani ya vitabuni

Uwiano wa pili hulinganisha bei ya hisa na mtaji wa wanahisa kama unavyoonekana katika mizania, yaani mali ya kampuni baada ya kutoa madeni yote. Kipimo hiki hutumika sana kwa mabenki, na kinaufaa mfuko wa hapa nchini kwa kuwa mabenki yana nafasi kubwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE).

Tuchukue benki mbili za mfano, kila moja ikiwa na mtaji wa Sh1,000 kwa hisa vitabuni. Hisa ya benki ya kwanza inauzwa Sh700, uwiano wake ni 0.7. Ya pili inauzwa Sh1,500, uwiano wake ni 1.5. Kwa haraka, ya kwanza inaonekana nafuu mno.

Lakini benki ya kwanza hupata faida ya asilimia 4 tu ya mtaji wake, yaani Sh40 kwa hisa. Uwiano wake wa bei kwa faida ni 17.5. Ya pili hupata asilimia 25, yaani Sh250 kwa hisa, na uwiano wake ni 6. Iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Uwiano mdogo wa vitabuni mara nyingi ni dalili kwamba soko lina mashaka na vitabu vyenyewe, kwa mfano kama benki ina mikopo chechefu ambayo bado haijatengewa akiba ya kutosha. Kwa sababu hiyo kipimo hiki kisisomwe peke yake. Kisomwe pamoja na faida inayopatikana kwa mtaji.

Kipimo cha tatu: gawio kwa bei

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa. Kampuni ikilipa Sh60 kwa hisa ya Sh1,000, gawio ni asilimia 6 ya bei. Kwa mstaafu anayehitaji fedha ya matumizi, kipimo hiki kina uzito wa pekee.

Pamoja na hayo, gawio kubwa linaweza kuwa mtego. Bei ya hisa inapoporomoka kwa sababu kampuni imeanza kuyumba, asilimia ya gawio la mwaka uliopita hupanda yenyewe, ilhali gawio la mwaka ujao huenda lisilipwe kabisa. Ni vyema kuangalia kama gawio linatoka katika faida ya mwaka au linakula akiba.

Tahadhari hiyohiyo inahusu mifuko inayotoa mapato ya mara kwa mara. Mfuko unaolipa asilimia 12 kwa mwaka huku mali yake ikizalisha asilimia 9 unamrudishia mwekezaji sehemu ya fedha yake mwenyewe. Dalili yake huonekana baada ya muda: thamani ya kipande hupungua mwaka hadi mwaka.

Hatifungani zina kipimo chake

Mifuko mingi ya hapa nchini huchanganya hisa na hatifungani, na ipo inayowekeza karibu fedha zote katika hatifungani. Kwa sehemu hiyo uwiano wa bei kwa faida hauna maana. Kinachotazamwa ni mapato hadi siku ya kuiva, yaani faida ya mwaka anayoipata mnunuzi kwa bei ya leo, akiishika hatifungani hadi mwisho.

Riba iliyoandikwa kwenye hatifungani si mapato hayo. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa hadi asilimia 12.56. Kwa aliyekuwa na zile za asilimia 15.95 hiyo ilikuwa habari njema: kihesabu, hatifungani yake ya Sh100 ilistahili takribani Sh125, kwa kuwa ililipa zaidi ya mpya.

Lakini mtu aliyenunua vipande baada ya thamani hiyo kupanda alilipa Sh125 kwa kila Sh100 hizo. Ingawa taarifa ya mfuko iliendelea kuonyesha riba ya asilimia 15.95, mapato yake halisi hadi kuiva yalikuwa karibu asilimia 12.56. Riba zinapopanda, mambo hugeuka: hatifungani za zamani hushuka thamani.

Mwekezaji anapaswa pia kujua mfuko unavyozithamini hatifungani zake. Iko njia ya kutumia bei ya soko, na iko njia ya kutumia gharama ya ununuzi iliyorekebishwa kidogo kidogo hadi siku ya kuiva. Njia ya pili hufanya bei ya kipande ionekane tulivu, ila huficha mabadiliko ya soko.

Gharama: mchwa ndani ya ghala

Meneja wa mfuko hulipwa kutokana na mali ya mfuko, kama wanavyolipwa watunzaji wa mali na wakaguzi. Jumla ya malipo hayo ikigawanywa kwa wastani wa thamani ya mfuko ndiyo uwiano wa gharama.

Asilimia 2.5 huonekana ndogo, lakini ilinganishwe na kile mfuko unachozalisha. Katika mfuko wa hisa wenye faida ya asilimia 6.25, gharama za asilimia 2.5 huchukua sehemu mbili kati ya tano za faida yote.

Turudi kwa mstaafu wetu na Sh10 milioni zake. Mifuko miwili ikizalisha asilimia 12 kwa mwaka kabla ya gharama, na mmoja ukitoza asilimia 1 na mwingine 2.5, baada ya miaka 10 wa kwanza utampa takribani Sh28.4 milioni na wa pili Sh24.8 milioni. Tofauti ni Sh3.6 milioni, zaidi ya theluthi moja ya fedha aliyoanza nayo.

Kampuni za uwekezaji zilizoorodheshwa sokoni

Katika mfuko wa wazi, mwekezaji hununua na kuuza kwa bei inayotokana na thamani halisi ya kipande. Kampuni za uwekezaji kama NICOL na TCCIA Investment, ambazo hisa zake zimeorodheshwa DSE, ziko tofauti. Bei yake hupangwa na wanunuzi na wauzaji, na inaweza kuwa chini au juu ya thamani ya mali iliyomo.

Kama mali ya kampuni ya aina hiyo ni Sh500 kwa hisa, na hisa inauzwa Sh350, mnunuzi anapata punguzo la asilimia 30. Punguzo si zawadi ya bure. Linaweza kudumu kwa miaka mingi iwapo gharama za uendeshaji ni kubwa au hisa hazipati wanunuzi.

Mipaka ya vipimo hivi

Kwanza, faida inayotumika ni ya mwaka uliopita. Kampuni iliyouza kiwanja au jengo huonyesha faida kubwa kwa mwaka mmoja, na uwiano wake hushuka bila biashara yenyewe kuimarika. Kampuni za saruji nazo hupanda na kushuka kulingana na ujenzi; uwiano wake huwa mdogo kabisa wakati faida imefika kileleni.

Pili, hisa kadhaa za DSE huweza kupita siku nyingi bila kuuzwa. Bei inayotumika kukokotoa thamani ya kipande inaweza kuwa ya zamani. Ikiwa bei hiyo ni ya juu kuliko hali halisi, wanaouza vipande mapema hulipwa zaidi ya stahili yao, na hasara huwabakia waliosubiri.

Tatu, uwiano mkubwa hausemi lini bei itaanguka. Mwishoni mwa mwaka 1989, kipimo cha Nikkei cha soko la hisa la Tokyo kilifika 38,915 huku hisa zikiuzwa kwa bei kubwa mno ikilinganishwa na faida za kampuni. Waliotahadharisha mapema walichekwa kwa muda. Lakini kiwango hicho hakikuvukwa tena hadi Februari 2024, yaani zaidi ya miaka 34. Mtu aliyestaafu Japan mwaka ule na kuweka mafao yake yote kwenye hisa hakuwa na muda wa kusubiri kiasi hicho.

Hesabu ya mwisho

Kwa mfuko mchanganyiko, unganisha matokeo. Ikiwa nusu ni hisa zenye faida ya asilimia 11.7 ya bei, na nusu ni hatifungani zenye mapato ya asilimia 12.5, wastani ni takribani asilimia 12.1. Ondoa gharama za asilimia 2.5, inabaki 9.6. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, ongezeko halisi ni karibu asilimia 5.6. Hii si ahadi, kwa kuwa faida za kampuni hubadilika na si zote hulipwa kama gawio. Lakini ni kipimo kinachoweza kulinganishwa na mfuko mwingine, na amana ya benki, na hata kodi ya nyumba.

Ndugu msomaji, kabla ya kusaini fomu ya kununua vipande, omba waraka wa toleo na hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa karibuni. Uliza mambo matano: kampuni kubwa zilizomo na uwiano wake wa bei kwa faida, kama zenye hasara zimehesabiwa, mapato ya hatifungani hadi kuiva na namna zinavyothaminiwa, jumla ya gharama kwa asilimia, na kama mapato yanayogawiwa yanatokana na faida.

Zote hizo ni fedha zako, na una haki ya kuuliza. Anayenunua kwa kutazama bei ya kipande peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia.